Mtoto Akikojoa Damu: Si Kila Mara ni Kichocho

Hapa Malindi na Lamu, mtoto akikojoa damu neno la kwanza kutajwa ni kichocho, na mara nyingi ndicho. Lakini neno hilo likishikiliwa mno, mtoto mwenye uvimbe kwenye kibofu hupewa dawa ya kichocho mara mbili, mara tatu, huku uvimbe ukiendelea kukua.

Uvimbe wa kibofu kwa watoto ni nadra. Ule wa saratani unaoonekana zaidi huitwa rabdomiosakoma, nao hutokana na chembe changa ambazo zingekuwa misuli. Huwapata sana walio chini ya miaka 5, wavulana kuliko wasichana. Si saratani ile ya kibofu ambayo kichocho cha miaka mingi huweza kumletea mtu mzima. Wala haitokani na kosa la mama au chakula alichokula mtoto, na tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu lawama huwafanya wazazi wafiche ugonjwa.

Anza kwa kuuliza: mtoto huingia maji gani? Konokono wanaobeba kichocho huishi kwenye maji yasiyo na chumvi. Mvulana wa miaka 10 anayeogelea vidimbwi vya kando ya Mto Sabaki ana sababu ya kupata kichocho. Mtoto wa miaka 2 wa Shela, ambaye maji anayoyajua ni ya nyumbani na ya bahari, hana. Huyo asipewe dawa kwa kukisia.

Kisha tazama anavyokojoa. Kwa kichocho, damu huja zaidi mwishoni mwa mkojo, pamoja na kuwashwa. Uvimbe huziba njia: mtoto hujikamua, mkojo hutoka matone matone, anarudi chooni kila mara, au haja kubwa nayo inakuwa ngumu. Chini ya kitovu huenda pakaguswa kitu kigumu. Wakati mwingine kinyama laini kama kishada cha zabibu huchomoza ukeni kwa msichana. Kisivutwe wala kukatwa. Tumbo likiwa na uvimbe, msilikande. Mtoto aliyeshindwa kabisa kukojoa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana mkojo ukirudi nyuma huharibu figo.

Mkojo wa kupima mayai ya kichocho uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai hutoka kwa wingi. Yakionekana, prazikwanteli hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtoto wa kilo 15 humeza miligramu 600, baada ya kula. Apimwe tena baada ya wiki 4 hadi 6. Hata hivyo mayai kuonekana hakuondoi uvimbe, kwani mtoto mmoja aweza kuwa na yote mawili. Mwenye dalili za kuziba asingoje wiki hizo.

Ombeni picha ya ultrasaundi, na kibofu kiwe kimejaa. Kikiwa kitupu, uvimbe mdogo hujificha kwenye mikunjo yake. Mnywesheni maji kiasi cha saa moja kabla, asikojoe hadi apigwe picha. Figo nazo zitazamwe, kwa kuwa uvimbe wa figo pia huleta mkojo wa damu.

Picha ikionyesha uvimbe, mtoto hupelekwa hospitali ya rufaa, Mombasa au Nairobi. Huko hukatwa kinyama kidogo cha kupimwa, na kifua hupigwa picha kuona kama mapafu yamefikiwa. Kwa kawaida hawaanzi kwa kukiondoa kibofu. Dawa za saratani hutangulia ili uvimbe usinyae, kisha upasuaji au mionzi, mara nyingi kibofu kikibaki.

Matibabu huchukua nusu mwaka hadi karibu mwaka mzima. Baada ya dozi chache damu hukoma na mtoto hurudi kucheza. Hapo ndipo familia nyingi, zikihesabu nauli, huacha kurudi. Uvimbe uliokatiziwa dawa huota tena, na mara ya pili ni mgumu zaidi kuutibu. Semeni mapema na wahudumu kuhusu nauli na malazi, kabla ya tarehe kupita. Na katikati ya dozi, homa ikifika nyuzi 38 nendeni hospitali usiku huo huo: kinga ya mtoto imeshuka, na homa hiyo humuua haraka kuliko uvimbe wenyewe.