Jina la Mahali na Jina la Zabibu

Msimu wa mavuno hapa Dodoma, zabibu hujaa mabeseni kando ya barabara. Ukiuliza ni za aina gani, utajibiwa, "Za Dodoma hizi." Kwa anayenunua za kula, jibu hilo linatosha. Kwa mnywaji wa mvinyo, hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia.

Dhana: Chablis ni aina ya zabibu.

Ukweli: Chablis ni eneo la Burgundy, Ufaransa, na mvinyo wake mweupe hutokana na zabibu za Chardonnay. Tangu 1935 Wafaransa wana mfumo wa kitaifa wa kulinda majina ya maeneo: sheria huweka mipaka ya mashamba, aina za zabibu zinazoruhusiwa, hata kiasi cha mavuno kwa hekta. Ndiyo maana chupa nyingi za kule hazitaji zabibu kabisa. Ukisoma Barolo, ya Italia, ujue zabibu yake ni Nebbiolo. Sancerre nyeupe, ya Ufaransa, ni zabibu za Sauvignon Blanc.

Dhana: Mvinyo wowote wenye mapovu ni shampeni.

Ukweli: Champagne, ndiko lilikotoka jina shampeni, nayo ni mahali Ufaransa. Kwenye harusi tunafungua mvinyo wa mapovu tu, na hakuna ubaya, ila jina si lake.

Dhana: Makutupora ni jina la mahali tu.

Ukweli: Hili nalipenda kuliko yote. Makutupora, kaskazini mwa jiji, kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na zabibu nyekundu iliyozoeleka mno kwa wakulima wetu inaitwa Makutupora vilevile. Chablis ilibaki mahali. Makutupora imekuwa mahali na zabibu pia. Ni fahari yetu, na inastahili kuandikwa kwenye lebo kwa herufi zinazosomeka.

Dhana: Zabibu ya Ulaya ikipandwa Dodoma itatoa mvinyo uleule wa Ulaya.

Ukweli: Zabibu ya Chenin Blanc inayolimwa hapa ndiyo inayotengeneza mvinyo wa Vouvray, bonde la Loire, Ufaransa. Kule majira ya baridi huulaza mzabibu, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Huku hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeuamsha kwa kupogoa, kwa hiyo anaweza kuvuna mara mbili, mwanzoni mwa mwaka na tena kiangazi. Mavuno hayo mawili hayafanani. Ya mwanzo huiva mvua zikiwa bado zinanyesha, na ukungu huwa tishio. Ya kiangazi huiva kwenye jua kavu, sukari ikapanda. Zabibu ni ileile, shamba ni lilelile, mvinyo ni tofauti. Sembuse Loire na Dodoma!

Kwa hiyo mkulima wa Hombolo, hapa Dodoma, mwenye zabibu za Syrah ana kila sababu ya kuandika Syrah kwenye chupa. Asiandike Hermitage, maana hicho ni kilima cha Ufaransa. Aandike Hombolo.