Kufundisha uendeshaji wa kesi: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Mwenye ulimi mtamu ndiye wakili wa mahakamani.

Siyo. Kwetu Tanzania kesi huamuliwa na hakimu au jaji, si raia 12 wa kuguswa moyo kama Marekani. Maneno ya wakili si ushahidi. Hukumu hujengwa juu ya majibu ya mashahidi na vielelezo vilivyopokelewa. Timu ya kesi ya kuigiza iandike hoja zake za mwisho kwanza, ukurasa mmoja tu, kisha kila swali lipimwe: linaleta jambo gani kati ya hayo?

Dhana: Maswali ya dodoso (anayoulizwa shahidi wa upande wa pili) ni ya kumbana ajieleze.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huharibu kesi iliyokuwa inakwenda vizuri. Shahidi akijieleza, yeye ndiye anayeendesha. Swali la dodoso libebe jambo moja, lijibiwe ndiyo au hapana. Chukua utambuzi wa usiku. Tangu shauri la Waziri Amani la 1980, mahakama huangalia mwanga, umbali, muda, na kama shahidi alimfahamu mtuhumiwa kabla.

– Ilikuwa saa nane usiku?
– Ndiyo.
– Umeme ulikuwa umekatika?
– Ndiyo.
– Nawe ulikuwa dirishani, ng'ambo ya barabara?
– Ndiyo.

Keti. Lakini mwanafunzi haketi, anaongeza: “Sasa ulimtambuaje?” Anajibiwa: “Mwenzake alimmulika tochi usoni, naye ni jirani yangu miaka kumi.” Kazi yote imeharibika.

Kiswahili kina kipimo chepesi. Kwa shahidi wako, kila swali liwe na nini, nani, lini, wapi au vipi. Kwenye dodoso lisiwe na hata moja, na “kwa nini” ndiyo hatari kuliko yote. “Halafu ukaenda polisi?” kwa shahidi wako mwenyewe ni swali la kuongoza, yaani linalompa shahidi jibu. Ukiacha jina, kazi na mambo yasiyobishaniwa, tarajia pingamizi.

Dhana: Ukiogopa kukosea, usimuulize shahidi chochote.

Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba kutomdodosa shahidi juu ya jambo zito huhesabika kama kulikubali.

Dhana: Shahidi akishaitambua hati, anaweza kuisoma.

Kosa hili linauma, maana halionekani hadi rufaa. Tuseme ni PF3, fomu ya polisi inayojazwa na daktari aliyemtibu majeruhi. Daktari aeleze kwanza ataijuaje: mwandiko, sahihi, mhuri. Aoneshwe, aitambue, aombe ipokelewe. Upande wa pili uulizwe kama una pingamizi. Mahakama iipokee na kuipa alama, P1, yaani kielelezo cha kwanza cha upande wa mashtaka. Hapo tu ndipo inasomwa kwa sauti. Shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake (2003) lilikataza kusoma kabla ya kupokelewa; na hati iliyopokelewa bila kusomwa huondolewa kwenye kumbukumbu. Wanafunzi warudie hatua hizi kwa karatasi yoyote, hata risiti ya duka, hadi ziwakae mdomoni.

Dhana: Kocha mzuri hutaja makosa yote.

Mwanafunzi aliyetajiwa makosa tisa harekebishi hata moja. Chagua moja. Lipe jina, msomee maneno yake kama alivyoyatamka (ndiyo maana kocha huandika neno kwa neno), mwoneshe namna ya kuuliza, mweleze sababu. Dakika mbili zinatosha. Kisha arudie palepale, shahidi akiwa bado kizimbani.