Binti amefika miaka 15 bila kuvunja ungo: ninaanzia wapi

Mama anaponiletea binti yake wa miaka 15 na kuniambia kwamba mtoto bado hajaona siku zake, swali langu la kwanza halihusu hedhi. Nauliza matiti yalianza kuota lini. Kwa kawaida matiti huota kwa nguvu ya estrojeni, homoni ya kike inayotoka kwenye ovari, yaani vifuko vya mayai. Kwa hiyo yakiwa yameota vizuri, nina sababu ya kuamini kwamba ovari zimeshaamka, na kama kifua bado ni cha kitoto, nautafuta mzizi kwenye ovari zenyewe au kwenye ubongo unaoziamuru.

Wasichana wengi huvunja ungo wakiwa na miaka 12 au 13, yapata miaka 2 hadi 3 baada ya matiti kuanza kuchomoza. Tunaanza uchunguzi msichana akifikisha miaka 15 bila hedhi, au ikipita miaka 3 tangu matiti yaanze, au akifikisha miaka 13 bila matiti kuota kabisa. Kigezo hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi, na kinaniuma, kwa sababu familia hukaa ikisubiri damu ilhali mwili ulikwishatoa taarifa mapema. Ni kweli kwamba kuchelewa huweza kurithiwa, na mara nyingi mama mwenyewe hukumbuka kwamba naye alichelewa, lakini maelezo hayo nayakubali baada ya kuziondoa sababu nyingine. Kipimo cha mimba hufanywa pia, bila kumshuku mtu, kwa kuwa yai la kwanza huweza kutangulia hedhi ya kwanza.

Namkumbuka binti wa miaka 14 aliyeumwa tumbo la chini kila mwezi kwa siku tatu au nne, akatibiwa vidonda vya tumbo, kisha maambukizi ya mkojo, hadi siku aliposhindwa kabisa kukojoa. Nilipomchunguza nilikuta kizinda kimefura na kuwa na rangi ya samawati, kikisukumwa na damu iliyojaa nyuma yake. Hedhi alikuwa akiipata miezi yote ile. Haikuwa na pa kutokea. Tulikifungua kwa upasuaji mdogo akiwa amelala kwa dawa ya usingizi, damu nzito nyeusi ikatoka, na maumivu yakaisha. Damu hiyo haifai kuvutwa kwa sindano, maana inayobaki ndani hualika vijidudu.

Matiti yasipoota, damu hupimwa homoni iitwayo FSH, ambayo ndiyo amri ya ubongo kwa ovari. Ikiwa juu, ovari ndizo zilizoshindwa, na sababu inayoongoza ni hali ya Turner, ambapo kromosomu (kibeba urithi cha mwili) moja ya X imekosekana yote au sehemu yake. Huwapata takriban wasichana 1 kati ya 2,500, wengi wao wafupi, na huwalazimu kupimwa moyo na figo pia. FSH ikiwa chini, ubongo ndio haujatoa amri: pengine ni balehe iliyochelewa tu, au uzito mdogo, mazoezi makali kupita kiasi, maradhi ya muda mrefu, au uvimbe kwenye pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Wa uzito mdogo hutibiwa kwanza kwa chakula cha kutosha na mapumziko.

Ovari zilizoshindwa hufidiwa kwa estrojeni, ikianzwa kwa kipimo kidogo sana na kupandishwa kidogo kidogo kwa miaka 2 hadi 3, kisha homoni nyingine, projesteroni, huongezwa ili kuulinda ukuta wa mji wa mimba. Hapa nasihi sana: msimpe binti vidonge vya uzazi wa mpango ili tu "kuileta damu". Damu itakayotoka haitibu chochote, na homoni nyingi mapema huharibu umbo la matiti na kufunga mifupa kabla hajamaliza kurefuka.

Wapo pia waliozaliwa bila mji wa mimba, takriban 1 kati ya 5,000, wenye matiti na ovari nzima. Uke wao mfupi huweza kurefushwa taratibu kwa vifaa maalumu, bila kisu, pale binti mwenyewe atakapokuwa tayari. Habari hiyo nampa binti mwenyewe kwanza, tukiwa tumeketi, na namweleza mapema kwamba mayai yake yapo.