Je, wajua kwa nini pampu huzima ukiondoa kidole kwenye kitufe?

Shamba la zabibu hapa Dodoma, kiangazi, maji yanasubiriwa. Unabonyeza kitufe cha kijani, kontakta (swichi kubwa inayovutwa na sumaku ya umeme) inagonga, pampu ya kisima inanguruma. Unaondoa kidole, inazima. Unabonyeza tena, inawaka, unaachia, kimya. Wapo wanaokigandamiza kitufe kwa kijiti na mpira, kazi iendelee. Nawasihi wasifanye hivyo, sababu nitaieleza.

Kitufe kile hakipeleki umeme kwenye pampu. Kinaupeleka kwenye koili ya kontakta, ambayo miguu yake imeandikwa A1 na A2. Koili inageuka sumaku, inavuta chuma, na chuma hicho kinafunga vitu viwili kwa pamoja: njia tatu nene za kwenda kwenye mota, na swichi moja ndogo yenye namba 13 na 14. Hiyo ndogo imeungwa sambamba na kitufe cha kijani. Ukiachia kitufe, umeme wa koili unapita humo. Kontakta inajishikilia yenyewe mpaka kitufe chekundu kikate njia, au umeme ukatike. Umeme ukirudi, pampu inabaki imezima mpaka mtu aje abonyeze. Kijiti kinaondoa kinga hiyo: umeme unarudi ghafla, pampu inawaka, na pengine kuna mtu ameshika mashine.

Sasa angalia jinsi tatizo lenyewe linavyojieleza. Kama pampu inawaka kidole kikiwepo, basi koili ni nzima, fyuzi ni nzima, ovalodi (kinga inayokata mota ikizidiwa) haijakata, na kitufe chekundu kinapitisha. Vyote hivyo viko kwenye njia ambayo kidole chako kiliitumia. Kilichobaki ni 13 na 14, pamoja na nyaya zake mbili. Kabla hujagusa kitu umeshapunguza kazi kwa kiasi kikubwa, na hapo ndipo ninapoupenda ufundi huu.

Ujanja huohuo wa kujishikilia uliendesha mashine za michezo za pinboli zilizotengenezwa Chicago, Marekani, kabla kompyuta hazijaingia humo miaka ya 1970. Mpira wa chuma uligusa swichi kufumba na kufumbua, muda usiotosha kuhesabu alama 50. Kwa hiyo rilei, mdogo wake kontakta, ilivuta, ikajishikilia kwa swichi yake yenyewe, mota ndogo ikazunguka na kupiga alama kumi kumi mara tano, kisha swichi ya mota ikaiachia. Mpira ulifanya kazi ya kidole chako. Rilei ikivuta na kuachia papo hapo, mafundi wa mashine hizo huanza na swichi ya kujishikilia, na mara nyingi dawa ni kupitisha kipande cha karatasi safi katikati ya ncha zake, umeme ukiwa umezimwa.

Kwenye kontakta yako, zima swichi kuu, kisha hakikisha kwa testa kwamba umeme haupo kweli. Fezi tatu ni volti 400, na hazina msamaha. Kaza skrubu za 13 na 14 kwanza, maana kugonga kila siku huzilegeza. Halafu chomoa waya mmoja, weka testa kwenye mlio, sindano moja 13 na nyingine 14, ubonyeze kile kipande cha katikati cha kontakta kwa mkono. Ikilia, swichi ni nzima, fuata waya hadi kwenye kitufe. Isipolia, vumbi au cheche zimeshaila.