Je, wajua kwa nini makaburi ya kale ya Bagamoyo hayakunyooshwa kuelekea Makka?

Mwislamu huzikwa akielekezwa kibla. Kutoka Bagamoyo kibla ni kaskazini, ikiegemea mashariki kwa nyuzi kama 2 tu, maana mji huu na Makka viko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo. Mbona basi makaburi yake ya zamani yamelala mashariki-magharibi?

Miaka yote niliamini kaburi hunyooshwa kuelekea Makka, kama msala wa kuswalia. Imani hiyo ilinipotezea asubuhi nzima siku nilipokwenda na shangazi kulitafuta kaburi la mama mzaa babu. Baba alituachia maneno tu: "Toka mbuyuni, nenda kaskazini, la nne." Jina halikuandikwa, na si ajabu. Ipo hadithi ya Mtume inayokataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa, na wanazuoni wa Kishafi, madhehebu ya pwani yetu, wanachukia hata kuliandika. Si kwamba wote walifuata: Kaole, magofu yaliyo kilomita kama 5 kutoka mjini, yapo makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli za Kichina. Lakini watu wengi waliwekewa mawe mawili tu ya matumbawe, moja kichwani, moja miguuni.

Hapo ndipo kosa langu lilipouma. Makaburi yakibanana, huoni tena tuta, unaona mawe tu, na lazima ujue jiwe lipi ni mwenzi wa lipi. Mimi nilioanisha kila jiwe na lililo kaskazini yake. Kumbe nilikuwa naunganisha kichwa cha marehemu mmoja na kichwa cha jirani yake, nikiwaita mtu mmoja. Nilipofika "la nne" nilikuwa nimesimama kati ya la saba na la nane, na shangazi ameshainua mikono kuomba dua.

Mzee mmoja mchimba makaburi alikuwa akituangalia. Tulipomwamkia na kumweleza, aliniuliza, "Mjukuu wangu, msikitini safu inakwenda wapi?" Kisha akalaza mpini wa jembe lake mchangani, ncha moja mashariki, nyingine magharibi.

Msala ndio unaoelekea kibla. Safu inaikata kibla: watu wamesimama bega kwa bega, mstari wao ukienda mashariki-magharibi huku nyuso zote zikitazama kaskazini. Kaburi linafuata safu. Maiti halazwi chali miguu ikielekezwa Makka, hulazwa ubavu wa kulia, uso ndio uelekee kibla. Fikiria umelala kitandani kwa ubavu ukitazama dirisha. Kitanda hakijalielekezea dirisha ncha yake, kimelala sambamba na ukuta wenye dirisha. Udongo ukiwa mgumu, huchimbwa hata mwanandani ubavuni mwa kaburi, upande huo huo wa kibla, maiti aingizwe humo.

Ubavu wa kulia ndio unaoamua kichwa kiwe wapi. Jaribu kitandani kwako: ili ulalie kulia na utazame kaskazini, kichwa hakina budi kuwa mashariki. Kwetu Bagamoyo basi ni kichwa upande wa bahari, miguu bara. Indonesia, ambako kibla iko magharibi, sheria hiyo hiyo inalaza makaburi kaskazini-kusini, kichwa kaskazini.

Kinachonivutia zaidi ni Wakristo, majirani wa Waislamu hawa wa Bagamoyo. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifungua misheni Bagamoyo mwaka 1868, na desturi kongwe ya Kikristo ni kuzika kichwa magharibi, miguu mashariki, ili siku ya ufufuo mtu ainuke akitazama mashariki. Inapofuatwa, Mwislamu na Mkristo wa mji huu wanalala kwenye mstari mmoja, vichwa ncha tofauti. Haikufuatwa kila mahali, makaburi mengine yalipangwa kwa kufuata njia au ukuta, kwa hiyo mstari peke yake usikuamulie dini ya mtu.

Wala usilikatae kaburi kwa kuwa limepinda kidogo. Mchimbaji aliyekadiria mashariki kwa jua alipotoshwa na msimu: mwezi wa Juni jua huchomoza nyuzi kama 23 kaskazini ya mashariki, Desemba likahamia kusini kiasi hicho hicho. Mawe nayo husogezwa na mizizi na mvua. Na mwelekeo hautakwambia nani kalala, bado unahitaji kumbukumbu ya wazee.

Tulirudi mbuyuni tukaanza upya, safari hii tukioanisha jiwe la baharini na la bara. Moja, mbili, tatu. La nne lilikuwa na jiwe dogo lililomeguka pembe, limeota kuvu ya kijani upande wa kivulini. Shangazi alichuchumaa mashariki yake, akamimina maji kuanzia kichwani kushuka miguuni, akamwita bibi yake kwa jina.