Ada Inadaiwa Novemba, Mahindi Yanauzwa Julai

Kwa miaka 11 nilikaa dirisha la ada kwenye chuo kimoja hapa Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kutoa namba za malipo, kuhakiki nani kamaliza nani bado, na wiki ya mitihani kusaini karatasi za kuingilia chumba cha mtihani, na hiyo wiki ndo ilinifanya niache kazi nianze kukaa na wazazi wa wanafunzi mapema kabla mambo hayajaharibika, maana nilichoka kuona kijana kasoma semesta nzima alafu anasimama nje wenzake wanaandika UE, mtihani wa mwisho wa semesta, kisa laki mbili na nusu.

Swali ninaloulizwa kila mahali ni hili, kaka, mtu asiye na mshahara anasomeshaje chuo bila kukopa? Mimi huwa naanza na kalenda. Angalia huku kwetu, mvua zinaanza Novemba, mahindi tunavuna kuanzia Mei mpaka Julai, na mwezi wa sita na wa saba bei iko chini kabisa kwa sababu kila mtu anauza. Chuo kinafungua Oktoba au Novemba. Yani ada ya kwanza inadaiwa mwezi uleule ambao baba kaweka kila shilingi kwenye mbegu na mbolea, na mahindi ya stoo yamebaki ya kula tu. Familia nyingi nilizoziona zinakopa, hela ya ada walikuwa nayo, ila ilikuja Julai, na kati ya Julai na Novemba kuna send-off, kuna kuezeka, kuna msiba, kuna jirani kanunua pikipiki na wewe unaona ununue ya kwako.

Dada yangu mwenyewe yalimkuta. Novemba mwanae anaanza mwaka wa pili, akachukua mkopo wa mtaani, ule wa kausha damu, laki tatu, riba asilimia 30 kwa mwezi. Kufika Februari alikuwa ameshalipa 270,000 na ile laki tatu iko palepale, hajaigusa. Wakopeshaji wakaja wakabeba cherehani. Mtoto mtihani alifanya, ila cherehani ndo ilikuwa inawalisha wote na ikawa imeenda. Bado inaniuma, kwa sababu Julai ile niliuona mzigo wake wa mahindi ukipakiwa kwenye Fuso na sikumwambia kitu.

Sasa mzazi akija kwangu namwambia lipa siku unayouza. Vyuo vingi ukishapewa namba ya malipo unaweza ukaingiza kidogokidogo kwa simu, hailazimiki usubiri mpaka utimize yote, kwa iyo kijana anayeendelea aombe namba ya mwaka unaofuata mapema, kabla hajarudi likizo. Hela ikishaingia chuo haina tena shangazi wala send-off. Semesta ya pili nayo inaanza Machi au Aprili, na bei ya mahindi inapanda Januari mpaka Machi kabla mapya hayajatoka, kwa iyo gunia za semesta ya pili tenga kabisa, zitie kwenye mifuko isiyopitisha hewa dumuzi asizimalize, usiziguse Julai hata kama dalali kakaa mlangoni siku nzima. Semesta ya kwanza ndo ngumu na hapo ndo nawapenda watu wa Iringa na Njombe wenye vinyungu, maana bustani za bondeni zinalimwa kiangazi na zinatoa hela miezi ambayo mlimani hakuna kitu. Viazi navyo vinakaa shambani miezi mitatu minne tu, mtu wa Umalila au Uyole anaweza kuhesabu kurudi nyuma kutoka Oktoba akajua apande lini. Na ukiuza viazi uza kwa mzani, lumbesa, ule mzigo unaorundikwa juu ya mdomo wa gunia, imebeba sehemu ya ada ya mwanao juu ya gunia na hulipwi hata senti.

Alafu kuna kitu wazazi hawakihesabu, kula na kulala. Bodi ya Mikopo ilipandisha hela ya kujikimu ya mwanafunzi kutoka 8,500 kuwa 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Chukua hiyo 10,000, semesta ya wiki 17, inakuja 1,190,000, na kwenye kozi nyingi hiyo inaizidi ada ya semesta. Ndo maana siwaelewi wanaomtoa mtoto Nzovwe hapa Mbeya kumpeleka Dar kusoma kozi ambayo ipo MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia, pale Iyunga, anakofika na daladala na jioni anakula kwa mama yake. Iringa hivyohivyo, kuna chuo cha Mkwawa, kuna RUCU ya Wakatoliki, kuna Chuo Kikuu cha Iringa, na mtoto wa Kihesa anatoka nyumbani. Chuo cha karibu ni skolashipu ambayo familia inajipa yenyewe.

Na si lazima aanze na digrii. Kwa miaka mingi ada ya VETA, vyuo vya ufundi vya serikali, kozi ndefu imekuwa 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni, michango iko juu yake ila bado ni hela ya gunia chache. Kijana akishakuwa fundi umeme anaingiza, analipia cheti, anapanda diploma, na diploma yenye GPA ya 3.0 inamfungulia mlango wa digrii. Inachukua miaka mingi zaidi, sikatai, ila anapanda akiwa na kipato. Mwenye kazi tayari aangalie Chuo Kikuu Huria, wana vituo Mbeya na Iringa, unasoma huku unafanya kazi na unalipa kadri ya masomo unayosajili.

Mkopo wa Bodi usiukatae kwa hasira, ila uite jina lake. Ni deni. Ile nyongeza ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliondolewa mwaka 2021 na hiyo ni nafuu kubwa, lakini makato bado ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, mwenye 800,000 anaachia 120,000 kila mwezi mpaka liishe. Samia Skolashipu ndo siyo deni, ipo tangu 2022/23, inawachukua waliofanya vizuri sana kidato cha sita kwenye masomo ya sayansi, kwa iyo mwenye PCM au PCB, yani fizikia na kemia pamoja na hisabati au baiolojia, anayepata alama za juu asiache kuomba eti kwa sababu hana mtu wa kumsaidia. Hahitaji mtu, anahitaji matokeo.

Wenye watoto wadogo nyie ndo nawaonea wivu, mna mda. Parachichi ya kupandikizwa inaanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu hivi, ukipanda mtoto akiwa form one, mpaka anamaliza form six shamba limeshakomaa. Paini ipande akiwa bado mgongoni, na usikubali kuikata na miaka saba, ngoja 15 au zaidi. Asiye na ardhi kuna Mfuko wa Watoto wa UTT AMIS, kampuni ya serikali ya uwekezaji wa pamoja, unamnunulia mtoto vipande kidogokidogo, na mwenye milioni anaweza kuingia hatifungani za serikali, yani unaikopesha serikali hela yako, ambazo zinaanzia hapohapo milioni moja na zinalipa riba kila miezi sita, kama semesta zenyewe. Mfano riba ikiwa asilimia 12, milioni tano zinakuletea laki tatu kila miezi sita bila kugusa mtaji.

Moja la mwisho, hili limewaliza wengi pale dirishani. Fomu ya kujiunga ikifika, fungua ukurasa wa michango kabla ya ukurasa wa ada. Usajili, kitambulisho, bima, mtihani, vifaa vya vitendo, field, vyote viko pale kwa maandishi madogo, jumlisha na kalkuleta mbele ya kijana mwenyewe, kisha nendeni wote stoo mkahesabu gunia.