Safari ya zamani ilikuwa yetu: tunayodanganyana kuhusu magari makongwe ya mashindano

Vumbi la Safari Rally, mashindano ya magari ya Kenya, likishatulia kule Soysambu, Nakuru hubaki na mjadala wake: Safari ya zamani ilikuwaje? Nimeusikiliza miaka mingi, kwenye vibanda vya chai na kwenye gereji, na nasikitika kwamba mengi yanayosemwa kwa uhakika kabisa si kweli. Historia hii ni yetu, na tunaitupa wenyewe.

Linaloniuma zaidi ni hili: "Zamani Safari ilikuwa ya Wazungu wa Ulaya, kazi yetu ilikuwa kupunga mikono kando ya barabara." Mashindano yalianza 1953 yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Tangu hapo hadi 1971, hakuna dereva wa ng'ambo aliyeshinda. Viwanda vya magari vilileta mabingwa wao, nao wakarudi mikono mitupu. Aliyevunja mwiko huo ni Mfini Hannu Mikkola, 1972, akiwa na Ford Escort. Kabla yake ushindi ulikaa Afrika Mashariki. Ni kweli kwamba wengi wa washindi hao walikuwa walowezi, maana ndio waliokuwa na magari na fedha, na hilo halifai kufichwa. Lakini Joginder Singh alizaliwa Kericho, 1932, na alikuwa fundi wa magari kabla ya kuwa dereva. Mwaka 1965 yeye na nduguye Jaswant walishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, wala si gari jipya la kiwandani. Akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Aliingia Safari mara 22, akamaliza mara 19. Wakenya walimwita Simba, na mimi sioni jina lililomfaa zaidi.

Mara 19 kati ya 22! Uzito wa namba hiyo hauonekani mpaka uitupe ile dhana nyingine, kwamba gari lenye kasi zaidi ndilo lililoshinda. Barabara hazikufungwa. Dereva alipishana na malori, ng'ombe, punda na watu wanaotoka sokoni, kwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, mara nyingi wakati wa mvua za Pasaka. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza 7. Mwaka 1968 yalianza 93, na yaliyofika yakawa 7 vilevile. Mara zote mbili walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakazi wa Kenya, na mara zote mbili gari lao lilikuwa Peugeot 404. Ukitaka kujua kwa nini wazee wa Nakuru na Kisumu waliiamini Peugeot kuliko benki, anzia hapo. Springi zake zilikuwa laini na ndefu, zikilifuata shimo badala ya kuligonga, na gurudumu halikuachana na ardhi ovyo. Gari la kasi lililovunjika springi halikuwa na faida kwa mtu.

Hata saa zenyewe hazikutosha kila mara. Mwaka 1973 Shekhar Mehta na Harry Källström, wote kwenye Datsun, walimaliza wakiwa sawa kabisa kwa adhabu za muda. Mehta alipewa ushindi kwa sababu alikaa muda mrefu zaidi njiani kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza.

Wapo pia wanaoapa kwamba bila mvuto wa magurudumu yote manne hutoki kwenye matope ya Safari. Gari la kwanza la aina hiyo kushinda lilikuwa Audi 200, 1987. Miaka yote ya nyuma, tangu 1953, matope hayohayo yalishindwa na magari yanayosukumwa na magurudumu mawili tu.

Kuhusu Porsche, naomba tuelewane. Porsche haijawahi kushinda Safari Rally. Ilikaribia: Björn Waldegård alishika nafasi ya pili 1974, na Vic Preston Junior, yule mtoto, akashika nafasi hiyohiyo 1978. Kinachowachanganya watu ni East African Safari Classic, mashindano ya magari makongwe yaliyoanzishwa 2003, Safari ilipotimiza miaka 50. Huko ndiko Porsche 911 ilikotamba, kwa Waldegård 2011 na kwa Stig Blomqvist 2015. Mkenya Ian Duncan naye alishinda Classic ya 2009 kwa Ford Mustang.

"Safari ni mtoto wa Nairobi," wanasema wengine. Kabla ya 1953 watu walikuwa wakishindana kwa kuzunguka kwenye uwanja wa Langa Langa, huku kwetu Bonde la Ufa. Eric Cecil alipomwalika binamu yake Neil Vincent kushindana huko, Vincent akakataa: kuzunguka palepale kulimchosha, alitaka mbio za kuvuka nchi. Safari ilitokana na kukataa huko.

Dhana ya mwisho inawagharimu watu pesa: kwamba kila Peugeot kuukuu yenye namba ubavuni iliwahi kukimbia Safari. Mwaka jana rafiki yangu aliletewa 504 saluni nyeupe, namba nyeusi kwenye milango, bei ya kutisha. Tulimwita fundi. Nililala juu ya katoni chini ya gari na tochi. Gari la Safari huacha alama: vyuma vilivyochomelewa kuimarisha mahali shoki zinaposhikia, matundu ya boliti za bamba la kukinga injini, na matundu kwenye dashibodi palipofungwa kifaa cha kupimia umbali, cha yule msoma ramani. Sikuona hata moja. Fundi akachukua msasa, akalowesha mlango wa nyuma, akasugua taratibu chini ya namba. Nyeupe ikaisha, ikatokea njano, mstari ulionyooka kuelekea mlango wa mbele. Ilikuwa teksi.

Muuzaji alinyamaza. Rafiki yangu aliinunua kwa bei ya teksi, na nikamwomba auache ule mstari.